Jalada Lililopanda Tabora

Mjomba wangu ni fundi wa mitumbwi, mzaliwa wa Ujiji aliyehamia Rusimbi alipooa, na katika umri wake wote amepata kusimama kizimbani kwa shauri moja tu. Alishitakiwa kwa wizi wa injini ya boti. Mahakama ya Mwanzo ikamtia hatiani na kumtoza faini, naye akalipa. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashindwa. Akapanda tena hadi Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kigoma wa wakati ule ilikuwa Tabora, na huko akashinda. Habari ya ushindi ililetwa kwa simu na mtu aliyemsaidia kuandika sababu za rufaa, kwa maneno yasiyozidi salamu, pamoja na ahadi kwamba karatasi itafuata. Karatasi haikufuata. Basi kwa miaka mingi hatia yake ilibaki imesomwa mchana mbele ya jirani zake, ilhali kutakaswa kwake kulisomwa ugenini, mbele ya watu wasiomjua sura wala nasaba, umbali wa kilometa 400 hivi kutoka kibarazani kwake. Aliposikia kuwa nimestaafu, na kwamba sina shughuli ila kusoma magazeti, akanipigia simu. Nikamwahidi kumsaidia kuidai injini iliyozuiliwa kama kielelezo. "Injini imekwisha kuliwa na kutu, mjomba," akanijibu. "Mimi nataka karatasi."

Nilipanda gari la moshi Dodoma usiku, maadamu kwa mtu asiye na haraka hakuna njia ya kwenda Kigoma iliyo bora kuliko Reli ya Kati, ambayo Wadachi waliifikisha ziwani mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita kuwanyang'anya kila walichokijenga. Baada ya Tabora gari hupita Urambo na Kaliua, huvuka Malagarasi, husimama Uvinza penye chumvi ambayo watu waliichemsha karne nyingi kabla ya reli, kisha huanza kuteremka. Na kwa jumla huifuata ile njia iliyopitwa na misafara baina ya Unyanyembe na Ujiji, hata abiria aliyelala kwenye kiti chake anaweza kujihesabu kuwa miongoni mwa wasafiri wa kale, isipokuwa hana mzigo kichwani wala hofu ya hongo njiani. Mwenzangu wa behewa alikuwa mama mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa akirejea na madumu matupu. Alipojua safari yangu ni ya kutafuta jalada la mahakama aliniuliza kama nina namba yake, nikasema sina, akanitazama kwa huruma ya mtu anayemwona mwenziwe akienda kisimani bila kamba.

Stesheni ya Kigoma ingali ile ile ya Wadachi, na mbele yake ziwa linajifungua ghafula. Kila mgeni huulizia habari za Liemba, nami niliulizia. Meli hiyo ina wasifu ambao wana wa wafalme wengi hawana: tunajua iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipande na kutiwa katika makasha, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina ililonalo hadi leo. Yote hayo yameandikwa, yamenakiliwa, yamehifadhiwa katika nchi zaidi ya moja. Mjomba wangu, aliyeunda kwa mikono yake mitumbwi isiyo na idadi, alitaka kurasa chache tu.

Rusimbi si mahali pa kuonyeshwa watalii. Watalii hupelekwa Ujiji penyewe, kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana chini ya mwembe mwaka 1871, kisha hurudishwa hotelini. Rusimbi ni nyumba na vibaraza, migahawa inayouza migebuka kwa ugali wa muhogo, bodaboda zinazongoja abiria kivulini, na maneno ya Kiha na Kibembe yakiingia na kutoka katika Kiswahili cha Ujiji bila kuomba idhini. Mjomba alinipokea kwa staha kubwa kuliko niliyostahili, akanilisha, akaniacha nilale. Na baada ya sala ya alasiri akafungua sanduku lake la bati, akatoa hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na chini kabisa, katika bahasha iliyolegea, stakabadhi ya faini. Pembeni mwa stakabadhi karani wa zamani alikuwa ameandika kwa wino wa buluu namba ya shauri na mwaka wake.

Hapo ndipo nilipoelewa huruma ya yule mama wa mawese. Mahakama haimjui mtu kwa jina. Humjua kwa namba. Rejista ya jinai hupangwa kwa mfuatano wa mashauri yalivyofunguliwa, la kwanza la Januari hadi la mwisho la Desemba, na kila mwaka huanza upya kwa moja. Jina la mshitakiwa ni kitu kinachokutwa ndani ya mstari, si mlango wa kuingilia. Anayekuja na jina peke yake humlazimu karani kusoma kitabu kizima mstari kwa mstari, na aghalabu majina yenyewe yameandikwa kwa jinsi yalivyosikika. Wanaotafuta mashauri ya jamaa zao huhangaika kukumbuka jina la hakimu, rangi ya jengo, au mvua iliyonyesha siku ya hukumu, na huku namba imo sandukuni kwao, nyuma ya stakabadhi ya faini, au katika hati ya dhamana, au katika samansi iliyokunjwa ndani ya msahafu.

Mahakama ya Mwanzo tuliyoiendea sitaitaja, kwa kuwa inafanana na nyingi. Karani alikuwa binti wa makamo, mwenye miwani, aliyemwamkia mjomba shikamoo kabla hajauliza haja yetu, jambo lililonipa matumaini. Alifungua kabati, akaipata rejista ya mwaka ule, akateremsha kidole katika safu ya namba hadi kikasimama. Vilikuwapo vyote: jina, kosa, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya hukumu, adhabu, namba ya stakabadhi, na kwa wino mwekundu maneno kwamba jalada limekwenda Mahakama ya Wilaya kwa rufaa. Baada ya hapo safu ilikuwa tupu. Mjomba, ambaye macho yake ni mazima kuliko yangu, aliinama akasoma neno "ametiwa hatiani", akanyoosha mgongo, asiseme kitu.

Karani alitufahamisha mambo mawili ambayo nimeona vema niyaeleze kwa kirefu. La kwanza, shauri linaposikilizwa mlango huwa wazi na yeyote huweza kuketi akasikiliza, lakini jalada lenyewe si la kila apitaye: mhusika huomba nakala kwa haki yake, na asiye mhusika huomba kwa barua, akaeleza sababu, akangoja ruhusa ya hakimu mfawidhi. Mimi, kwa damu yote niliyo nayo ya ukoo ule, mbele ya masjala nilikuwa si mhusika. Ilinipasa nichukue barua ya mjomba ya kunikabidhi jambo hilo, yenye saini yake, nakala ya kitambulisho chake cha taifa, na muhuri wa serikali ya mtaa. La pili, jalada lililokatiwa rufaa hupanda lote, wala hakuna pacha wake anayebaki chini. Mashahidi, vielelezo vya maandishi, hukumu, vyote hufungwa kwa uzi na kusafiri. "Usilitafute hapa, mzee," aliniambia, "lifuate."

Muhuri wa mtaa ulichukua asubuhi nzima, si kwa uzembe, bali kwa kuwa mwenyekiti alitaka kuisikia hadithi tangu mwanzo. Aliisikia mbele ya watu waliokuja kwa haja zao wenyewe, na mmoja wao, mzee wa umri wa mjomba, akasema kwamba yeye siku zote alijua. Mjomba alimjibu kwa adabu iliyokuwa na ubaridi ndani yake kwamba kama alijua, alikuwa mwema mno wa kutunza siri.

Niliandika barua usiku ule kwa taa. Wako wanaoyacheka maandishi yetu ya kiofisi, ile "Yah:" iliyopigiwa mstari na ile "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" ambayo humwagiza msomaji arejee mahali ambapo hajaondoka. Lakini mimi nimefanya kazi ya ofisi, na nakiri kwamba umbo hilo lina faida yake. Karani mwenye rundo la barua mezani huangalia mstari mmoja tu, na mstari huo ukibeba namba ya shauri, majina ya pande mbili, mahakama lilikoanzia na kinachoombwa, barua imekwisha kufanya nusu ya kazi. Adabu za dibaji na dua za mwisho hakuna anayemzuia mtu kuziandika, ila namba ije kwanza.

Katika Mahakama ya Wilaya mambo yalikwenda kwa haraka kuliko nilivyotazamia, kwa sababu walikuwa na daftari la kupeleka majalada, na ndani yake ilikuwapo tarehe ambayo jalada la mjomba lilipelekwa Tabora pamoja na saini ya aliyelipokea. Siku hizi Kigoma ina kanda yake ya Mahakama Kuu, na mkazi wa Rusimbi mwenye rufaa mpya hana haja ya kupanda gari la moshi. Bali jalada lililokwenda kabla ya hapo lilikwenda, na mwenye nalo hulifuata.

Nilipokuwa nikingoja siku ya gari nilizunguka Ujiji, nikawa nawaza jinsi karatasi za nchi hii ya ziwani zilivyozoea kusafiri kuliko watu wake. Wadachi waliweka kituo cha askari Ujiji mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakahukumu na kuandika kwa lugha yao. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaiteka Kigoma, wakaishika hadi mwaka 1921, nao wakaandika kwa Kifaransa. Kisha Waingereza wakaja na madaftari yao. Bendera tatu katika muda usiotosha kijana mmoja kukua na kuoa! Leo anayetaka kujua nani alishitakiwa kwa kosa gani katika miaka hiyo hana budi kubisha hodi Nyaraka za Taifa kule Dar es Salaam, na pengine Berlin, na Brussels, na London. Walio na subira wanaweza: sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 imeruhusu umma kuzisoma nyaraka za serikali zilizotimiza miaka 30. Wenye subira hao, hata hivyo, huwa wasomi waliolipiwa nauli. Mjukuu wa mshitakiwa huishia kusimuliwa.

Wala si kila shauri la Kigoma limepotelea mbali. Liko moja ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini hulijua, nalo si la jinai, ni la uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994, ambao ulibatilishwa mahakamani kwa malalamiko ya Dakta Amani Walid Kabourou, na ubatilisho huo ukathibitishwa na Mahakama ya Rufani. Lilichapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1996, na huweza kusomwa na mtu aliyeketi popote duniani. Nao mtandao wa TanzLII umefungua maelfu ya hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu bila malipo, neema ambayo wakati wa ujana wetu hata mawakili hawakuiota. Lakini hazina hiyo huanzia juu. Huko chini, katika Mahakama ya Mwanzo, ndiko wananchi walio wengi wanakoshitakiwa na kushitaki, na huko ushahidi hakimu huuandika kwa mkono wake huku shahidi akisema; mwandiko wenyewe ndio kumbukumbu, na kabla haujapigwa chapa hakuna nakala.

Niliyafahamu zaidi mambo ya kupiga chapa njiani kuelekea Tabora, kwa wakili kijana tuliyeketi pamoja hadi alfajiri. Alinieleza kwamba katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya, akitaka kwenda Mahakama Kuu, hupewa siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio lake la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Ila katika hizo 45 hazihesabiwi siku zilizohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu. Nikamwuliza kwa nini bunge liliona haja ya kusema hivyo. Akacheka. Alisema mtunga sheria alikuwa mtu mwenye kuijua nchi yake: alijua kwamba mfungwa haendi masjala, na kwamba baina ya mwandiko wa hakimu na kurasa zilizogongwa muhuri yumo mpiga chapa mmoja na foleni ndefu. Nilipenda kauli hiyo. Saa ya sheria, ambayo haimngojei maskini wala tajiri, katika jambo hili husimama ikimngoja mpiga chapa. Rufaa zinazoanzia Mahakama ya Mwanzo, alisema, zina hesabu yake nyingine, siku 30 kwa kila ngazi, na hapo ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa kuwa hukimbizana na nakala kwanza na siku baadaye.

Tabora niliikuta na miembe yake na vumbi lake. Masjala ya Mahakama Kuu ilikuwa na utulivu wa maktaba. Nikatoa barua yangu, barua ya mjomba, nakala ya kitambulisho, na ile stakabadhi ya faini ambayo sikuwa nimemwachia mtu mkononi tangu Rusimbi. Karani wa kiume aliisoma mistari ya juu tu, kama nilivyotaraji, akauliza mwaka, akaingia ndani. Sikukaa sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, hata nilikuwa nimekwisha kutunga kichwani maneno ya kumwambia Naibu Msajili, nayo yote yakawa hayana kazi, kwa maana jalada lilikuwa mahali pake, limefungwa uzi, na hukumu ikiwa juu. Nimewasikia watu wazima wakiapa kwamba masjala za serikali ni kaburi la karatasi. Mimi naona wengi wao hawakupata kwenda kuuliza. Walimwamini mtu aliyewaambia kwa simu kwamba itafuata. Hukumu haina miguu, na aliyeshinda rufaa asipoichukua nakala yake, au asipomtuma mtu kuichukua, hakuna tarishi atakayempelekea kibarazani.

Nililipa ada kwa namba ya malipo niliyopewa, nikaambiwa nirudi baada ya adhuhuri. Kurasa zilikuwa chache. Jaji aliandika kwa Kiingereza, kama desturi ya mahakama hizo ilivyokuwa kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Akaeleza kwamba mashahidi walihitilafiana juu ya alama za injini, na kwamba mlalamikaji hakuonyesha risiti wala namba ya kiwandani, na kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kuonekana na kitu ambacho hakuna aliyethibitisha ni cha nani. Akabatilisha hatia, akaamuru faini irudishwe, na kielelezo kirejeshwe kwa aliyekutwa nacho. Nilisoma mara nyingi ule ukurasa wa mwisho, nikistaajabu jinsi mambo yaliyomtesa mtu miaka yote yalivyotoshea katika aya mbili zisizo na kivumishi hata kimoja. Chini yake muhuri mwekundu, saini, na maneno ya kuthibitisha kwamba hiyo ni nakala sahihi ya asili.

Nilirudi Rusimbi. Mjomba hakutaka nimsomee barazani. Alitaka tukae ndani, pamoja na mkewe na mwanawe mkubwa, nimfasirie neno kwa neno, na kila nilipofika kwenye jina lake alinizuia nilirudie. Aliporidhika aliniuliza gharama ya kutoa nakala. Nikamwambia ni kidogo, maduka ya nakala pale Mwanga mjini yako mengi. Akahesabu kwa vidole: moja ya Mahakama ya Mwanzo, ili yule binti mwenye miwani aijaze safu, moja ya mwenyekiti wa mtaa, moja ya kituo cha polisi kwa ajili ya kielelezo, moja ya mzee aliyesema siku zote alijua. Ile yenye muhuri akaiweka katika sanduku la bati, juu ya hati ya kiwanja.

Kesho yake tulikwenda kwa karani, naye akaandika matokeo ya rufaa mbele yetu, akatupa fomu ya kuombea faini. Kituoni tuliambiwa vielelezo vya miaka ile vimehamishwa ghala na kwamba mtunza vielelezo atapekua daftari lake. Mjomba akaacha nakala na namba ya simu, akauliza daftari hilo limepangwa kwa majina au kwa namba.